Bamvua

Ramani tumeibana kwa chupa ya achari na sahani mbili,
maana imezoea kujikunja, kama sisi.
Gateshead, usiku, jokofu linakoroma,
na Mwanasha anafuata pwani kwa ncha ya kijiko:
Amble, Craster, Seahouses, Bamburgh.
Kila jina analitamka mara mbili,
mara ya pili akilitia irabu lisimkwame.

Mimi dereva wa basi. Miaka kumi na mmoja
hospitali hadi stesheni, stesheni hadi hospitali.
Barabara isiyonirudisha nilikotoka
nimesahau inavyoshikiwa usukani.

Gari si letu. Ni la Norman Ridley, jirani, mgane,
naye ana jina refu la kuliita. Sisi tunaliita Konokono.
Konokono ana jiko la mafiga mawili,
meza inayogeuka kitanda,
na choo ambacho Norman alitueleza kwa dakika arobaini
bila kututazama usoni.
Kimo, mita mbili na nukta tisa.
Hilo nimeliandika kwa wino mwekundu:
madaraja ya reli hayana adabu.

Mwaka juzi tulipanga, paa la mama likaondoka na upepo.
Mwaka jana tulipanga, ikaja ada ya Tunu,
kisha msiba wa Handeni,
kisha msiba mwingine, viti vya kwanza havijarudishwa.
Mipango si matumizi, walisema waliosema.
Hawakusema kwamba mipango nayo hushibisha kidogo,
kama harufu ya nyama ya jirani
unapomega ugali mkavu.

Siku ya tatu ni kisiwa, Lindisfarne.
Barabara ipo, ya lami kabisa, na mstari wake,
halafu bahari huja kuikalia mara mbili kwa siku.
Nikacheka: nchi ya ratiba hii, hata maji yana saa!
Nikashika jedwali. Tunavuka saa nne, tunarudi saa tisa,
dakika tano za akiba.
Mimi mtu wa Lushoto. Maji nayajua ya bomba na ya mvua.

Mwanasha wa Pangani hakulitazama jedwali.
Aliuliza mwezi utakuwa wa siku ngapi.
Kumi na tano, nikasema. Jumamosi hiyo utakuwa mpevu.
"Basi hilo bamvua," akakiweka kijiko chini.
"Bamvua halina dakika tano."

Miaka tisa anakunja shuka za wazee wa watu,
na hapa hakuna aliyemuuliza kitu
anachokijua hivi, bila cheti, bila mtihani wa lugha.
Nikafuta saa tisa. Nikaandika saa saba na nusu.
Pembeni nikaongeza: muulize Mwanasha.

Kwenye droo ya Konokono tulikuta karatasi,
mwandiko wa marehemu mke wa Norman:
chumvi, viberiti, soksi za akiba, miwani ya N.
Hatukuitoa. Tumeandika chini yake:
pilipili, binzari, mkeka,
kanga mbili, moja ya pazia.

Safari ni mwezi ujao, Mungu akipenda
na simu za usiku zikinyamaza.
Lakini jana, kwa kisingizio cha kujaribu godoro,
tulilala humo, hapo hapo mbele ya nyumba,
breki ya mkono juu, gurudumu moja likiegemea ukingo.
Saa nane mvua ikaja.
Nyumba za huku humeza mvua, huisikii mpaka utoke.
Hii ilitupiga bati kwa bati, shibiri tatu juu ya pua,
na Mwanasha akaamka, akasikiliza sana,
akauliza gizani, "Tumefika wapi?"

Hatujatoka, nikamwambia.

Akavutia blanketi upande wake.
"Basi endesha polepole."